Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kwetu Tukuyu baiskeli haiulizwi inakwenda kasi gani. Inaulizwa inabeba nini. Ukitaka kujua thamani yake usitazame breki wala rangi, tazama keria. Kama imeongezewa vyuma na fundi, kama ina mpira wa tyubu kuukuu wa kukazia mzigo, hiyo ni baiskeli ya mtu mzima. Isiyo na keria ni ya mtoto, au ya mgeni anayepita.

Na wala si Rungwe peke yake. Boda boda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli ya Busia iliyovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Huko Goma wana chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na hata pedali, na wamelijengea sanamu katikati ya mji kwa sababu limebeba viazi, mkaa na makabichi ya watu wote. Sikiliza pia tunavyoitana. Ni mara chache mtu akaitwa mwendesha baiskeli. Ni mtu wa maziwa, mtu wa mkaa, muuza samaki. Mtu anachukua jina la alichobeba.

Sasa mimi naishi Milano, huu mwaka wa saba, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Na Septemba iliyopita nilipanda milima ya Alpi kwa baiskeli isiyo na keria, nikazunguka mabonde na maziwa siku nzima, nikarudi palepale nilipoanzia. Nataka kuandika kuhusu safari hiyo, kwa sababu kuna swali niliulizwa katikati yake ambalo bado nalitafuna.

Aliyenipeleka ni mwalimu mstaafu, mtoto wa bibi mmoja niliyemtunza miaka mitatu. Ana miaka sitini na nne na mapaja kama ya kijana wa jeshi. Baada ya msiba wa mama yake alinifundisha kuendesha kwenye vilima vya karibu na mji, kila Jumapili niliyokuwa na nafasi, kwa baiskeli ya mwanawe iliyokuwa imekaa tu stoo: tairi pana zenye meno, shokapu mbele, breki za diski, na kiti kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Mwezi wa nane akasema, "Sasa uko tayari kwa Livigno."

Livigno ni mji mdogo wa Italia uliojificha kwenye bonde refu, mita 1,816 juu ya usawa wa bahari, ukipakana na Uswisi. Wapenzi wa mchezo huu wanaujua, maana mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika hapo mwaka 2005. Wengine wanaujua kwa manukato, sigara na mafuta ya gari ya bei nafuu, kwa kuwa eneo lile halitozwi kodi kama Italia nyingine. Zamani theluji ikishuka bonde lilikuwa linajifunga miezi na miezi, na kumtoza mtu kodi mahali ambapo hata barua haifiki ilikuwa kazi ya bure.

Tulianza saa moja asubuhi, baridi kali, nyasi zimeganda umande. Kilima cha kwanza kinakwenda hadi Passo d'Eira, mita 2,208. Hapo mwili bado una nguvu na mdomo bado una maneno. Ukivuka unaangukia Trepalle, kijiji kilicho juu ya mita 2,000, mojawapo ya vijiji vya juu kabisa Ulaya ambavyo watu wanaishi mwaka mzima. Nilimwona bibi mmoja anaanika shuka. Nikamsalimia, akaitikia, akaendelea na shuka zake.

Baada ya Trepalle lami inakwisha na mambo yanaanza.

Njia ya kwenda Passo Trela, takriban mita 2,290, haina mbwembwe. Ni kokoto, kisha mawe, kisha mizizi, kisha mawe tena. Nilikuwa kwenye gia ndogo kuliko zote, miguu inazunguka haraka na baiskeli inakwenda kama konokono. Misonobari ikapungua, ikawa mifupi, ikaisha kabisa. Kuna mahali gurudumu la nyuma lilianza kuteleza kila ninapokanyaga, basi nikashuka nikasukuma. Mwalimu naye alishuka akasukuma. Tulipita ng'ombe waliovaa kengele shingoni, wakatutazama kama tunavyotazama watu wanaokimbia mvua. Kwenye mawe kulikuwa na mnyama mnene wa mashimoni, mithili ya pimbi, anapiga mluzi kama refa halafu anazama ardhini.

Kwenye mwinuko wa aina hii pumzi inakuwa mali. Unaanza kuihesabu. Na kwa sababu huna nafasi ya kufikiri mambo mengi, kichwa kinang'ang'ania jambo dogo moja na kulirudiarudia. Mimi lililonijia lilikuwa keria. Kila nilipoegemea mbele kwenye kilima nilihisi wepesi wa nyuma, kama vile kuna kitu kimeanguka na sijui ni wapi. Kaka yangu alipanda vilima vya Rungwe na mikungu minne ya ndizi nyuma yake, asubuhi ya mvua, kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Ada yangu ya sekondari, yote, ilipita juu ya keria ile.

Kutoka Trela njia inashuka kupitia bonde la Pettini hadi kwenye maziwa mawili ya Fraele: San Giacomo na Cancano. Ukitokea juu unayaona yamelala pamoja, rangi ya samawati yenye maziwa ndani yake, na milima ya mawe mekundu na kijivu imesimama kama watu waliokuja kwenye mazishi. Ni pazuri, sitaki kubisha. Lakini maziwa yale yalitengenezwa. Ni mabwawa yaliyojengwa na kampuni ya umeme ya mji wa Milano. Ukuta wa San Giacomo ulikamilika mwaka 1950, na ukuta mkubwa wa Cancano, wenye urefu wa mita 136 kwenda juu, mwaka 1956. Chini ya maji kuna malisho ya zamani. Saruji yote ile ilipandishwa huku juu, na njia zilichongwa kwa ajili hiyo. Nilikaa juu ya ukuta nikala mkate na jibini, nikawaza: kumbe hii njia tambarare ninayoifurahia ni njia ya mzigo.

Mwalimu, ambaye alifundisha historia na hawezi kukaa kimya mbele ya historia, akanipeleka mwisho wa Cancano kwenye minara miwili ya mawe iliyosimama ukingoni mwa genge. Minara ya Fraele, ya mwaka 1391. Ilijengwa kulinda njia. Kabla ya mabwawa, kabla ya utalii, bonde hili lilikuwa barabara kuu ya biashara: divai ya Valtellina ikipanda kwenda kaskazini kwa Wajerumani, chumvi ikishuka kusini, nyumbu na watu wakiwa chini ya mizigo. Na baadaye, mpaka ulipokuwa mpaka kwelikweli, wakaja wa magendo. Kiitaliano wanawaita kwa neno linalotokana na bega. Walivuka milima usiku kutoka Uswisi na magunia ya kahawa na sigara mgongoni, viatu vimefungwa matambara wasisikike. Niliposikia hivyo nilicheka. Ndugu zao wa Busia walikuwa na baiskeli, hawa walikuwa na mabega tu.

Hata mchezo wenyewe ukiufuatilia unakuta mzigo. Baiskeli ya milimani ilizaliwa California miaka ya 1970, kwenye vilima vya Marin, pale vijana walipochukua baiskeli nzito za zamani, zile ambazo watoto wa Marekani walizitumia kusambaza magazeti nyumba kwa nyumba, wakashuka nazo mlima mzima kwenye vumbi. Breki zilikuwa kwenye ekseli ya nyuma, zikipata moto mpaka grisi inaungua yote, na ukifika chini inabidi ufungue ekseli uipake grisi upya. Kutoka hapo hadi Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 ni miaka ishirini tu. Yaani hatua ya kwanza ya mchezo huu ilikuwa mtu kushusha magazeti kwenye keria na kujiuliza: je, nikienda nayo hivihivi tupu?

Nikiwa kando ya San Giacomo simu ikaita. Kaka, kwa WhatsApp. Mtandao wa Tukuyu na wa Alpi ukakubaliana, jambo ambalo halitokei kila siku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona unahema? Unafukuzwa?"

"Niko milimani, na baiskeli."

"Aa. Umepeleka nini huko?"

"Sijapeleka kitu, kaka. Naendesha tu."

Akanyamaza kidogo. "Unaendesha tu. Sasa mwisho wake unafika wapi?"

"Nilipoanzia."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamgeuzia kamera, nikamwonyesha ziwa, ukuta, njia inayopanda upande wa pili. Kaka hapandi tena baiskeli. Magoti yamekwisha, na daktari alishamwambia mgongo wake usione mzigo wowote kuanzia sasa. Ana miaka hamsini na mbili. Nilidhani ataaga. Badala yake akaanza kunihoji kama fundi.

"Mawe ya hapo ni yale yanayoviringika au yaliyokaa?"

"Yanayoviringika."

"Basi ukishuka usibane breki ya mbele. Na usiliangalie gurudumu. Angalia unakotaka kwenda, baiskeli itafuata macho. Ukitazama jiwe, utaligonga jiwe."

Mwalimu, aliyekuwa anamenya chungwa, aliniuliza kaka amesema nini. Nikamtafsiria. Akaacha kumenya. Ni maneno aliyonifundisha yeye kwa majuma, Jumapili baada ya Jumapili, na yeye aliyalipia kwenye kozi. Akasema, "Muulize alijifunza wapi." Nikauliza. Kaka akajibu, "Mwambie ndizi zilinifundisha. Ukianguka nazo unalipa wewe."

Nilitaka kusema kitu, lakini yeye ndiye aliyeendelea.

"Na mimi nilikuwa naendesha hivyohivyo, kama wewe."

"Hivyo vipi?"

"Tupu. Wakati wa kurudi."

Ndipo akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hatukulijua nyumbani. Siku ambazo ndizi ziliisha mapema sokoni, hakurudi kwa njia ya kawaida. Alizunguka kwa juu, kwenye mashamba ya chai, mpaka kwenye mgongo wa kilima ambapo ukungu ukiondoka unaliona Ziwa Nyasa kwa mbali. Alikuwa anapumzika pale kidogo. Halafu anashuka bila kukanyaga pedali, keria inagonga gonga kwa sababu haina kitu. Njia hiyo ilimwongezea saa nzima.

"Mama alidhani una mwanamke," nikamwambia.

"Najua. Nilimwacha adhani."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nimechelewa kwa sababu ya upepo?"

Mtandao ukakatika hapo.

Nimekuwa nikisoma maelezo ya mzunguko huu kwenye majarida ya baiskeli. Yanauita mgumu. Yanatoa onyo, yanahesabu mita za kupanda, yanapima ujuzi wa mtu kwa ngazi na rangi. Sina ugomvi nao. Ni mgumu kweli, na mapaja yangu ni mashahidi. Ila najiuliza: kilima cha Rungwe chenye udongo mwekundu na mikungu minne kina rangi gani? Nani alikipima? Mtu akipanda Alpi na chupa ya maji anaitwa jasiri, na mwingine akipanda Uporoto na kilo mia moja anaitwa maskini. Macho yetu yamezoea kuona ustadi pale tu mtu anapokuwa hahitaji kufanya anachofanya.

Hilo nililijua hata kabla ya simu, na ningeliandika bila shida. Lisilokuwa kwenye hesabu yangu ni ile saa moja ya ziada. Katika masimulizi yote ya familia yetu kaka ni mzigo: alibeba, alitubeba, alivunjika mgongo akitubeba. Tunamshukuru hivyo kwenye harusi, na mimi mwenyewe nimemshukuru hivyo kwa kipaza sauti. Na masimulizi hayo, pamoja na heshima yake yote, hayana pahala pa mtu anayezunguka kwa juu ili apate upepo. Tulimnyima hilo kwa kumpenda vibaya. Naye akalificha, akaona afadhali kudhaniwa mzinzi kuliko kuonekana amefurahi bure.

Kutoka San Giacomo unapanda tena, safari hii kwenda Alpisella, takriban mita 2,280. Njia ni nzuri zaidi kuliko Trela lakini miguu imeshachoka. Karibu na juu kuna chemchemi inayobubujika pembeni ya njia: hapo ndipo mto Adda unapoanzia. Wasomaji wa blogu hii waliopitia riwaya ya Manzoni, *I promessi sposi*, wanaujua mto huu. Kitabu kinaanzia pale Ziwa Como linapogeuka kuwa Adda tena, na baadaye kijana Renzo, akiikimbia Milano, anauvuka ili aingie nchi ya Venezia, maana siku hizo Adda ilikuwa mpaka. Huku juu ni kijito unachoweza kukiruka. Nilinywa maji yake. Baridi yake inauma meno.

Hatua chache zaidi, ukivuka kilele, maji yanabadilisha mawazo. Adda inashuka Valtellina, inaingia Ziwa Como, kisha mto Po, kisha Bahari ya Adriatiki. Lakini tone linaloangukia upande wa Livigno linakwenda mto Spöl, kisha Inn, kisha Danube, mpaka Bahari Nyeusi. Ni sehemu chache sana za Italia ambazo maji yake yanakwenda huko. Kwetu nako ni hivyohivyo: mvua ya upande wetu wa Uporoto inaingia mto Kiwira na Ziwa Nyasa, na ya upande wa pili inateremkia Usangu na kuwa Ruaha Mkuu. Hakuna ukuta wala alama. Mvua moja, kilima kimoja, njia mbili.

Nilisimama pale kileleni na baiskeli mkononi nikaona kwamba swali la kaka, umepeleka nini, na swali langu, kwa nini hukutuambia, ni maji ya kilima kimoja. Moja linadai faida ya safari, jingine linadai maelezo ya furaha. Yote mawili yanatoka kwenye imani kwamba mtu kama sisi akionekana njiani, lazima awe ametumwa.

Mteremko wa kwenda ziwa la Livigno ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote. Mawe yanaviringika, kona zinajifunga ghafla, upande mmoja bonde. Nilishusha kiti. Nililegeza mikono. Sikubana breki ya mbele. Nilitazama pale nilipotaka kwenda, mita kumi, mita kumi na tano mbele, na baiskeli ikafuata macho. Sijui niseme nini kuhusu dakika zile ishirini ila kwamba sikuwa mtunzaji wa mtu, wala mtuma pesa, wala mgeni wa nchi. Vifundo vya vidole viliuma, machozi ya upepo yakanitoka. Nilisikia mnyororo unagonga fremu, sauti ya kitu ambacho hakijafungwa mzigo.

Tulipofika chini, ziwa lilikuwa limetulia. Nalo ni bwawa, la miaka ya 1960, na mpaka wa nchi mbili unapita juu ya ukuta wake. Saa zilikuwa zimekwenda, kama kilomita arobaini zimeingia miguuni, matope mpaka kwenye nyusi. Nyumba za Livigno zilishaonekana na moshi wa jioni. Kulikuwa na njia fupi ya kuingia mjini, na nyingine inayozunguka nyuma ya malisho, ndefu, yenye upepo.

Mwalimu alinitazama bila kusema kitu. Tukachukua ndefu.